Ndugu wa Uboho

  

Huku kwetu Kolwezi, ukimwuliza mtu ana ndugu wangapi, atacheka kwanza. Atahesabu hadi vidole viishe, halafu ataacha. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu. Mtoto wa baba mkubwa ni ndugu. Mliyekaa naye kambi moja enzi za kampuni ya migodi ya Gécamines, mkachota maji bomba moja, huyo naye ni ndugu, na kwenye kilio chake utalala nje siku zote kama mwenye msiba. Wazee walikwenda mbali zaidi: watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjana, damu ikagusana na damu, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema hao si ndugu.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kitu kilichomo ndani ya mwili wa kila mmoja wetu, ambacho hakiukubali upana huo wa neno ndugu. Kina hesabu yake, na hesabu hiyo haibembelezwi. Kitu chenyewe ni uboho, yale mafuta laini ya ndani ya mfupa, ambayo mkila supu ya mifupa mnagombania kuyanyonya. Madaktari wetu wanayataja kwa Kifaransa, moelle. Ndugu zetu wa Tanzania wanayaita uloto. Majina matatu, kitu kimoja.

Mazungumzo haya yametoka kwa mama mmoja. Ana watoto wanne, na binti wa pili ana ugonjwa wa damu wa SS. Jirani amemwambia kwamba India kuna hospitali inayobadilisha mifupa ya mtoto, SS inakwisha kabisa. Jirani mwingine amemwambia hapana, siku hizi kuna dawa mpya, imunoterapia, ndiyo inayoponya kila kitu. Mume wake yuko tayari kuuza parsele, yaani kiwanja chao. Yeye akaniuliza maneno mawili tu: nianzie wapi?

Tumjibu pamoja, polepole.

Uboho ndio shamba la damu. Kila siku, usiku na mchana, humo ndani ya mifupa zinazaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili, na vigandisha damu vinavyoziba kidonda. Mtoto mwenye SS, ugonjwa ambao madaktari wanauita drepanositozi na Watanzania selimundu, shamba lake linazaa chembe nyekundu zenye kasoro. Zikikosa hewa au maji, zinajipinda kama mundu wa kukatia majani, zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza: miguu, mgongo, kifua. Chembe nyekundu nzuri inaishi karibu siku 120. Ya SS inavunjika baada ya siku kumi au ishirini hivi. Ndiyo sababu macho ya mtoto yanageuka manjano na damu inampungukia kila mara.

Sasa, kama tatizo liko shambani, mtu yeyote mwenye akili ya mkulima atauliza: kwa nini tusing'oe shamba lote tukapanda mbegu nyingine? Swali hilo ndilo lililozaa upandikizaji wa uboho. Na historia yake, msishangae, inapita karibu na mlango wetu.

Mnaijua Shinkolobwe, kule upande wa Likasi. Sehemu kubwa ya uranio iliyotengeneza mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, ilichimbwa pale, katika ardhi ya Katanga. Wengi walionusurika na moto wa mabomu yale walikufa wiki chache baadaye, wakivuja damu na kushikwa na homa, kwa sababu mionzi ilikuwa imeua uboho wao. Tangu hapo wanasayansi walijua: uboho ukifa, mtu anakufa. Wakaanza kutafuta namna ya kumpa mtu uboho wa mwingine. Mwaka 1957 daktari Mmarekani, E. Donnall Thomas, alijaribu kwa wagonjwa wa kwanza. Hakuna aliyepona. Mwaka 1958 wanasayansi wa Yugoslavia walipigwa na mionzi ajalini, wakapelekwa Paris, na daktari Georges Mathé akawapa watano uboho wa Wafaransa waliojitolea. Wanne waliishi, ingawa wataalamu hawajaacha kubishana kama ni uboho ule uliowaokoa au ni uboho wao wenyewe ulioamka.

Kwa miaka mingi karibu wote waliopandikizwa walikufa. Ilikosekana nini? Ilikosekana hesabu ya undugu.

Hesabu hiyo ilianza kufumbuliwa na Mfaransa Jean Dausset, pia mwaka 1958. Aligundua kwamba chembe za mwili zina alama, kama kitambulisho cha uraia, ambazo leo tunaziita HLA. Askari wa damu wanasoma alama hizo. Wakikuta alama ya kigeni, wanapiga. Mwaka 1968, kule Minneapolis, Robert Good alimpandikiza mtoto mchanga aliyezaliwa bila kinga, akitumia uboho wa dada yake aliyechaguliwa kwa alama hizo. Mtoto akaishi. Dausset alipata Nobeli mwaka 1980, Thomas akaipata mwaka 1990.

Hesabu yenyewe ni rahisi, hata bila kalamu. Baba ana vifurushi viwili vya alama, mama ana viwili. Kila mtoto anapewa kifurushi kimoja na baba, kimoja na mama, bila mpangilio. Kwa hiyo watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutoka kwa namna nne. Wawili wanalingana kabisa pale tu walipopata kifurushi kile kile kwa baba na kile kile kwa mama. Nafasi ni moja kati ya nne kwa kila ndugu.

Mama yetu ana watoto wengine watatu, na tuseme wote ni wa baba yule yule na hakuna kati yao mwenye SS. Nafasi ya kupata angalau mmoja anayelingana na binti yake ni 58 kwa 100. Angekuwa na sita, ingefika 82. Watu wa Ulaya wenye mtoto mmoja au wawili hawana bahati hiyo. Mara nyingi tunalaumiwa kwa kuzaa wengi, lakini mbele ya uboho nyumba yenye watoto wengi ni utajiri.

Lakini sikilizeni vizuri: baba mmoja, mama mmoja. Mtoto wa mama mdogo, ambaye wewe unamwita ndugu kwa haki yote, uboho hautamtambua kwa kawaida. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti, wa nyumba mbili, wanalingana nusu tu wakibahatika. Baba na mama wenyewe wanalingana na mtoto wao nusu. Siku hizi hospitali kubwa zinaweza kupandikiza hata uboho wa nusu, lakini ni njia ngumu zaidi, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Kipimo cha alama hizi za HLA kinaweza pia kufungua siri za nyumba. Kikisema mtoto huyu hana kifurushi hata kimoja cha baba, daktari atakuwa ameona jambo ambalo hakuulizwa. Kwa hiyo, kabla ya kupimwa, wazazi waketi na daktari na wamwambie ni majibu gani wanataka kuyasikia na yapi hawataki. Nimeona afadhali niliseme jambo hili hapa, kuliko liwavunje watu kwenye korido ya hospitali.

Na wale wasio na ndugu anayelingana? Duniani kuna orodha za watu waliojitolea kutoa uboho, zaidi ya milioni 40. Lakini wengi wao ni watu wa asili ya Ulaya. Marekani, Mzungu ana nafasi 79 kwa 100 ya kumpata wa kulingana naye kwenye orodha. Mweusi ana 29. Ndiyo maana ninarudia: kwa mtoto wa Kolwezi, orodha ya kwanza ni ile inayokula bukari na sombe meza moja naye.

Kabla hatujafika kwenye upandikizaji wenyewe, tuanze na karatasi ya kipimo mliyo nayo nyumbani. Wengi mmepimwa kile kipimo cha Emmel, ambacho labo nyingi zinakifanya kwa sababu ni cha bei ndogo. Emmel ikiandika positifu, watu wanalia. Lakini Emmel inasema tu kwamba chembe zinaweza kujipinda. Haisemi kama mtoto ni SS, yaani mgonjwa, au ni AS, yaani mbebaji ambaye ataishi maisha yake bila maumivu. Kipimo kinachotenganisha ni elektroforezi, au vile vipimo vipya vya haraka vinavyoonyesha kama ni SS au AS kwa dakika chache. Kuna watu wamelia kwa ajili ya mtoto wa AS, na kuna wengine wamemficha SS wakidhani ni mbebaji tu. Na kwa anayetoa uboho, tofauti hii ni kila kitu: ndugu wa AS anaruhusiwa kumtolea mwenzake. Wa SS, hapana.

Kinshasa, daktari Léon Tshilolo na wenzake waliwapima watoto wachanga zaidi ya elfu 31 kati ya 2004 na 2006. Waliokuwa SS walikuwa 1,4 kwa 100. Wabebaji walikuwa karibu 17 kwa 100. Ukiwa kanisani Jumapili, hesabu mabenchi. Mbebaji hayuko mbali nawe, na pengine ni wewe.

Jambo linalofuata ni zito, na sijalisikia likisemwa mara nyingi. Mtoto wa SS akipungukiwa damu, nani anakimbia kutoa? Kaka yake, dada yake, baba, mama. Ni upendo, na ndivyo hospitali zetu zinavyoishi, mgonjwa aje na wa kumtolea. Lakini kama mnawaza siku moja kupandikiza, damu ya kaka inaweza kuharibu uboho wa kaka. Askari wa mgonjwa wakishaijua damu ile na kuichukia, watauchukia na uboho utakapokuja. Mtoto akiwa anakufa, msisubiri, mpeni damu iliyopo, maisha kwanza. Lakini kama kuna muda, damu itoke kwa mtu wa nje: jirani, mwanakwaya mwenzenu, yule wa bomba moja. Mnaona? Kwa damu, mtafuteni yule ndugu wa mbali. Yule wa tumbo moja awekwe akiba kwa ajili ya uboho.

Haya, tufike India, au popote. Nini kinatokea huko?

Hakuna mfupa unaobadilishwa. Anayetoa analazwa kwa dawa ya usingizi, daktari anachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma na kunyonya sehemu ndogo ya uboho. Mgongo wa chini utauma siku kadhaa. Baada ya wiki chache mwili umerudisha kilichotolewa. Hapungukiwi nguvu, hapungukiwi uzazi, na hakuna kinachouzwa.

Mgonjwa ndiye anayepita kwenye moto. Kwanza anapewa dawa kali, zile zile za kansa, za kung'oa shamba la zamani. Nywele zinatoka, mdomo unakuwa vidonda, na kwa wengine uwezo wa kuzaa unaweza kupotea kabisa. Hilo ulizeni kabla, maana baada ya dawa swali halina jibu. Kisha uboho mpya unaingizwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida, kwa saa chache. Chembe zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani. Kwa wiki mbili hadi nne, kabla hazijaota, mtoto hana askari hata mmoja. Anakaa chumba cha peke yake, na kikohozi cha mgeni kinaweza kumwua. Siku 100 za kwanza asikae mbali na hospitali. Dawa za kutuliza kinga anazinywa miezi mingi, na chanjo zote za utotoni anarudishiwa upya, kama aliyezaliwa jana.

Na kuna hatari moja ambayo lugha yetu inaielewa vizuri: mgeni kumpiga mwenyeji. Uboho mpya una askari wake. Wakiufikia mwili na kuuona wa kigeni, wanashambulia ngozi, matumbo na ini. Alama zikilingana kabisa hatari inapungua, lakini haiishi.

Faida yake? Mwaka 2017 daktari Éliane Gluckman wa Paris na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 1.000 wa SS waliopandikizwa uboho wa ndugu wanaolingana nao. Baada ya miaka mitano, karibu 93 kwa 100 walikuwa hai, na wengi sana kati yao hawakuwa na SS tena. Waliofanyiwa wakiwa wadogo, kabla ugonjwa haujawaharibia ubongo na mapafu, walifanikiwa zaidi. Mama, hesabu hiyo isome pande zote mbili. Kati ya wagonjwa 100, saba walikufa. Daktari anayekutajia wale 93 na kunyamaza juu ya wale saba, mwulize tena.

Jambo hili si geni kwa Waafrika. Mtoto wa kwanza wa SS kuponywa hivyo aliandikwa mwaka 1984, Memphis, Marekani. Alikuwa binti wa miaka minane mwenye kansa ya damu pia, na uboho mmoja ukaondoa yote mawili. Mwaka 1988 daktari Christiane Vermylen na wenzake wa Ubelgiji waliandika juu ya watoto watano wa familia za Kiafrika waliopandikizwa kule. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba familia zile zilitarajia kurudi Afrika, ambako mtoto wa SS angepata shida ya matibabu. Yaani mlango wa uponyaji ulifunguka kwa sababu ya njia ya kurudi nyumbani.

Na leo njia imekuwa fupi. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa kansa fulani ya damu, wakitumia uloto wao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikatangaza watoto wake wa kwanza wa selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu zao. Mnaijua njia ya Tanzania. Malori yetu ya shaba yanaipita kila siku hadi bandarini Dar. Kabla ya malori, Wayeke wa Msiri walikuja kwa njia hiyo hiyo kutoka Unyamwezi, wakiifuata shaba, wakajenga Bunkeya. Sisemi kila mtu aende Dodoma. Nasema kuna hospitali ambayo daktari atakueleza hatari ile ya wale saba kwa Kiswahili, nawe utaweka sahihi ukijua unachokitia sahihi. Faida hiyo haiandikwi kwenye hesabu ya bei, lakini ni kubwa.

Popote mtakapokwenda, shikeni maswali haya. Mmeshawapandikiza wagonjwa wangapi wa SS, si wa kansa tu, na wangapi wamekufa? Bei mnayonipa ni ya nini: je, chumba cha kulala cha mzazi, damu, na mwezi wa ziada mambo yakiharibika vimo? Uzazi wa mtoto mtaulindaje? Tukirudi Kolwezi, nani atamfuata, na mtatupa barua gani ya kumpelekea? Asiyejibu maswali hayo anataka pesa yenu kuliko mtoto wenu.

Sasa turudi kwa jirani wa pili, yule wa imunoterapia.

Imunoterapia ni matibabu yanayowatumia askari wa mwili wenyewe kupiga kansa. Kansa ni mjanja: inawafunga askari breki. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walionyesha namna ya kuiachia breki hiyo, wakapewa Nobeli mwaka 2018. Kuna wagonjwa wa kansa ya ngozi na ya mapafu ambao zamani wangezikwa, na leo wanalima. Lakini haifanyi kazi kwa kila kansa, wala kwa kila mgonjwa wa kansa moja. Mara nyingi kinyama cha uvimbe lazima kipimwe kwanza kuona kama dawa itashika. Anayekuuzia bila kupima, anacheza bahati nasibu kwa pesa yako.

Tena askari walioachiwa breki wanaweza kupiga wenyeji: matumbo, mapafu, tezi ya shingo, hata miezi baada ya sindano ya mwisho. Kwa hiyo uliyepata dawa hiyo nje ya nchi, ukirudi na kuharisha au kuishiwa pumzi, usiseme ni malaria tu. Mwambie muuguzi wa kwanza utakayemkuta: nilipewa imunoterapia. Ibebe karatasi yake kama unavyobeba kitambulisho.

Na msidhani ni kitu cha Wazungu peke yao. Angalia bega lako, lile kovu la chanjo ya BCG. Dawa ile ile, tangu mwaka 1976, inaingizwa ndani ya kibofu kwa watu wenye aina fulani ya kansa ya kibofu, na inaamsha askari. Hiyo ni imunoterapia, na unaijua tangu utotoni. Lakini chupa zile za sokoni zilizoandikwa “huongeza kinga”, zile ni maji yenye rangi na bei. Na wanaouza sindano za seli shina, yaani chembe-mama, kwa kila ugonjwa, kuanzia goti hadi kisukari, wapisheni njia.

Je, imunoterapia inaponya SS? Hapana. SS si kansa, hakuna adui wa kupiga. Lakini mambo haya mawili yanakutana mahali pamoja. Kwenye kansa ya damu, uboho wa ndugu unaponya kwa sehemu kwa sababu askari wake wanawinda masalia ya kansa. Hapo vurugu kidogo ya mgeni ina faida. Kwenye SS haina faida yoyote. Ndiyo maana mtoto wa SS anahitaji ndugu wa kulingana kabisa kuliko mgonjwa wa kansa ya damu.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu njia nyingine: chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe zinatolewa, zinarekebishwa kwenye maabara, zinarudishwa. Ndugu hahitajiki. Bei yake Marekani wakati ule ilitangazwa kuwa dola milioni 2,2. Tuiombee ishuke, tuendelee na mazungumzo.

Maana kuna dawa ambayo haingoji. Inaitwa idroksiyurea, ya kunywa mdomoni, kila siku. Daktari Tshilolo huyo huyo wa Kinshasa, pamoja na wenzake wa Luanda, wa Kilifi kule pwani ya Kenya na wa Mbale nchini Uganda, waliwapa watoto 606 wa SS, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Kabla ya dawa, watoto 100 kwa mwaka walipata vipindi 98 vya maumivu. Kwa dawa, 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43 hadi 14. Vifo vilishuka kutoka karibu 4 hadi 1. Hata malaria ilipungua nusu. Inahitaji daktari na kipimo cha damu mara kwa mara, wala isinunuliwe dirishani kama aspirini. Lakini haihitaji pasipoti. Ukiongeza chandarua, chanjo, maji mengi kwenye joto hili na vumbi letu hili, na kukimbilia hospitali homa inapoanza, mtoto anafika akiwa mzima. Hata anayekwenda kupandikizwa, lazima afike akiwa mzima.

Kwa hiyo mama, nianzie wapi, uliniuliza. Anza na elektroforezi ya nyumba nzima. Muulize daktari juu ya idroksiyurea wiki hii hii. Kisha alama za HLA za watoto wako wanne: damu kidogo kwenye chupa, au mate kwenye kijiti, vinaweza kusafiri kabla ya mtoto. Majibu yakirudi na hakuna anayelingana, utakuwa umeokoa parsele. Yakirudi na mmoja analingana, ndipo mkae na baba yao mzungumze juu ya kuuza.

Na binti akipona, umwambie jambo moja kabla hajaolewa. Kipimo cha damu yake kitasoma kama cha ndugu aliyemtolea, hata kundi la damu laweza kubadilika. Lakini uboho haukugusa mbegu ya uzazi. Watoto wake watarithi S kutoka kwake vile vile. Mchumba apimwe.

Limebaki la mwisho, la yule atakayetoa. Tuseme anayelingana ni mdogo wake wa kiume. Ana miaka tisa. Nyumba nzima itamtazama. Majirani watamwita mwokozi, wajomba watamwambia maisha ya dada yako yako mikononi mwako. Msifanye hivyo. Mwombeni, mwelewesheni kwamba sindano itauma na kwamba anaweza kuuliza chochote, hata kusema anaogopa. Kwa sababu kati ya wale mia kuna wale saba. Na kama dada yake atakuwa mmoja wao, mtoto huyu asibebe kilio kile peke yake hadi uzee, akidhani uboho wake ndio uliokosea. Mwambieni mapema, kabla ya safari, mbele ya dada yake: ukitoa, wewe ni ndugu. Na ikishindikana, wewe bado ni ndugu.